Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa kikundi chetu cha kuwasaidia watoto waliobakwa, nawasalimu. Akidi imetimia kwa shida. Ilibidi tumpigie simu hadi mwenzetu aliyekuwa njiani kwenda matangani Ahero.

Ya kawaida mnayajua. Tulizuru shule na makanisa ya Nyalenda na Manyatta, tukabandika madukani namba za simu za msaada, 116 ya watoto na 1195 ya ukatili wa kijinsia, tukaandamana katika zile Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia zinazoanza Novemba 25. Warsha ya wahudumu wa kujitolea ilifanyika pia, na ukumbi niliutafuta mimi.

Nije kwa lile mnalolinong'ona. Mkutano uliopita ulipendekeza akiba ya shilingi 60,000 inunue hema na viti vya kukodisha. Kamati ikaihamishia kwenye mfuko wa nauli za kuwafikisha watoto hospitalini, polisi na kortini. Inasemekana nilijiamulia. Kumbukumbu zina sahihi tano, na mojawapo ni ya ndugu anayelalamika kuliko wote.

Dawa za kuzuia HIV baada ya kubakwa huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, kisha humezwa siku 28. Mtoto aliyefikishwa usiku kwa pikipiki Russia, hospitali ya rufaa ya hapa Kisumu, atarudi tena kliniki. Atakwenda polisi kwa ajili ya P3, ile fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, kisha kortini, ambako kesi huahirishwa na nauli imeshaliwa. P3 hailipiwi, na hospitali ya serikali haipaswi kutoza matibabu hayo. Boda habebi mtu bure. Mama akikosa nauli, wazee wa ukoo hawako mbali na maneno yao ya kumalizana nyumbani, ilhali Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 haikuiachia familia uamuzi wa kusimamisha kesi. Hema lingemfaa nini huyo mama?

Wengine mnauliza mbona daftari la nauli lina namba tu, majina ya watoto hayamo. Hayatakuwamo. Daftari hilo hupita mikononi mwa wengi, na mitaa yetu tunaijua: jina likitajwa asubuhi kisimani, jioni liko shuleni. Mlezi hutia sahihi au kidole, na mweka hazina anajua namba ni ya nani. Kuhusu risiti, anionyeshe mtu boda anayezitoa saa nane za usiku. Mara kadhaa nimetoa za mfukoni mwangu, na sikudai kurudishiwa.

Fedha. Ada ya wanachama 41 ingeleta 98,400, zimeingia 38,200. Harambee na wahisani, 110,000. Matumizi ya kawaida, 131,500. Mfuko wa nauli, ambao hesabu yake iko kando, umebaki na 2,700. Hizo haziwezi kumaliza mwezi.

Mahudhurio ni aibu. Sherehe ya Desemba viti havikutosha (pengine ndipo hamu ya viti ilipotoka). Siku ya kumsindikiza mtoto kortini tunajitokeza watatu, na mmoja wao ni mke wangu, ambaye hata si mwanachama.

Mwaka ujao tunatumaini kupata chumba cha faragha cha ushauri, Mungu akipenda na mhisani akijitokeza. Hema nalo litafikiriwa. Madeni ya ada yalipwe kwa mweka hazina kabla ya uchaguzi. Asiyelipa hapigi kura. Hayo yamo katika katiba yetu, na mlipoipitisha mimi sikuwa mwenyekiti.