Barua ya wazi kwa Mkuu wa Maafa wa kaunti yetu: bibi haogopi upepo, anaogopa foleni

Mheshimiwa, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi salama tu.

Nakuandikia Kiswahili makusudi. Najua huelewi hata neno moja, ila na wewe kila msimu wa vimbunga unatuletea meseji kwenye simu kwa Kiingereza na Kispanyola, simu inalia kama king'ora, bibi jirani yangu anaigeuzageuza afu anakuja kunigongea mlango saa nane usiku, "mama, hii inasema nini?" Kwa hiyo leo tafuta na wewe mtu wa kukusomea. Na Waswahili wenzangu mlioko huku Texas, Louisiana, Florida, someni na nyie maana mtajikuta humu ndani.

Kilichonifanya niandike ni lile neno lenu, "wanakataa". Kila kimbunga kikipita mnasema kulikuwa na watu walioambiwa waondoke wakakataa, kama vile tulikaa sebuleni tumekunja nne tukasema hatutaki. Mwaka 2017 kabla ya kimbunga Harvey, kule Rockport hapa Texas, kiongozi mmoja wa mji aliwaambia wanaobaki waandike majina na namba zao za Social Security, ile namba ya serikali ya kumtambulisha mtu, mkononi kwa maka peni ili maiti zisisumbue kutambuliwa. Nilivyosikia hiyo nilicheka kwanza, afu nikaacha kucheka, maana niliwaza yule mzee wa ghorofani kwetu angeiandika kweli na angebaki vilevile.

Nianze na mimi mwenyewe ili usione nasemea watu. Agosti 2020, kimbunga Laura. Mji wetu wa Galveston, huku Texas, ukatoa amri ya lazima, tuondoke kisiwani, na mi nikatii kama mtoto wa shule. Nilikuwa na dola 412 kwenye akaunti na kodi ya nyumba inanukia. Nikajaza mafuta, tukaenda San Antonio, safari ya masaa manne tukaenda saba, tukalala moteli usiku tatu kwa dola 89 kila usiku bila ushuru wao, chakula cha kununua, na zamu tatu za kazi nimepoteza. Mi naosha wazee kwenye nyumba ya wazee, mwaka ule nilikuwa nalipwa dola 12 kwa saa. Nilipopiga hesabu yote ilikaribia dola 780, nusu yake iko kwenye kadi ya mkopo, niliimaliza kulipa karibu na Pasaka. Kimbunga chenyewe kikageuka kikaenda kupiga Cameron kule Louisiana, upepo wa kilomita 240 kwa saa, watu wa Lake Charles wakakiona cha moto. Mi nikarudi nikakuta hata ndoo niliyoisahau nje haijasogea. Na meneja akaniuliza mbona wenzako walikuja kazini.

Sasa niambie mheshimiwa, mara ya pili nikipata hiyo meseji, nani anakataa hapo? Mi sikatai, mi napiga hesabu. Na ujue sisemi mlikosea kutuondoa, kimbunga kikikaribia kinaweza kuhama njia kidogo tu na sisi ndo tungekuwa Lake Charles, hilo naelewa. Nachosema ni kwamba tahadhari ile ililipiwa na mimi, wewe hukutoa hata senti, afu mwakani unashangaa mbona mteja harudi.

Tena huko New Orleans mwaka 2005 hii ilionekana wazi kabisa. Kimbunga Katrina kilifika Jumatatu tarehe 29 Agosti, mwisho wa mwezi, amri ya lazima ya meya ilitoka Jumapili, siku moja kabla, na watu wanaoishi kwa hundi ya mwezi walikuwa hawana kitu, hundi inakuja tarehe mosi. Maelfu na maelfu hawakuwa na gari. Mabasi ya shule yalikuwepo, picha yake dunia nzima iliiona, yamepangwa vizuri kwenye yadi yao na maji yamefika madirishani. Bado kuna watu mpaka leo wanasema wale walikuwa wakaidi.

Na wale waliotii? Mwezi uliofuata kikaja kimbunga Rita, Houston nzima ikaogopa yaliyotokea New Orleans, watu zaidi ya milioni 2 wakaingia barabarani kwa mpigo. Magari yalikaa kwenye foleni masaa ishirini na kitu kwenye joto kali, mafuta yakaisha, watu wakazima viyoyozi ili wasimalize mafuta wakaishia kufa kwa joto. Basi lililobeba wazee wa nyumba ya wazee likawaka moto karibu na Dallas, mitungi ya oksijeni ikalipuka, wazee 23 wakafa. Mi hao wazee nawajua. Siwajui kwa majina, nawajua kwa kazi, najua inachukua watu wangapi kumtoa mmoja kitandani na kumvalisha viatu. Zaidi ya watu 100 walikufa kwenye kule kuhama, kuliko waliouawa na kimbunga chenyewe. Ndo maana hata meya wa Houston mwaka 2017 hakutoa amri ya mji mzima kuhama, na mi sijawahi kumlaumu kwa hilo japo wengi walimlaumu. Kwa hiyo mtu anayesema "barabarani ndo kufa" hajachanganyikiwa, anakumbuka.

Nije kwa yule mzee wa ghorofani. Ana paka wawili na kofia ya jeshi, kazaliwa hapahapa kisiwani. Huyo ndo mkaidi wako wa kweli, huyo nakupa. Kila ukimwambia kimbunga anaanza kuhesabu, Carla ya 1961 alikuwa mtoto, Alicia ya 1983 alikuwa ndani, Ike ya 2008 alikuwa ndani. Idara ya hali ya hewa kabla ya Ike iliandika kwamba watakaobaki kwenye nyumba za ghorofa moja au mbili maeneo yale wanakabiliwa na kifo cha uhakika. Cha uhakika! Maelfu wakabaki kisiwani na wengi wakatoka hai, na hao waliotoka hai ndo walimu wetu sisi tuliokuja baadae, maana waliokufa hawakai barazani kusimulia. Ukitaka kumtisha mzee huyu kwa kifo anakwambia nilishakufa 2008, kaa chini tunywe kahawa.

Ila siku moja nilimsikia anasema kitu kikanishtua. Alisema alibaki kwa sababu "ilikuwa kategori 2 tu". Mheshimiwa, hapo kosa ni lenu. Ile namba ya moja mpaka tano inapima upepo peke yake, haipimi maji. Ike alishuka akiwa kategori 2 kweli, lakini kule Bolivar, rasi ya jirani yetu, maji ya bahari yalipanda mita nne na nusu mpaka karibu sita, na yalianza kupanda siku nzima kabla, jua bado lipo, barabara ikazibwa watu wakiwa bado wanafunga mizigo, wakaja kuchukuliwa na helikopta. Gilchrist, kijiji cha hukohuko, ilifutika, ikabaki nyumba moja imesimama peke yake. Na unajua binadamu tulivyo, sote tunaikumbuka ile moja iliyosimama. Hapa Galveston tuna ule ukuta wa futi 17 uliojengwa baada ya kimbunga cha 1900 kilichoua watu wasiopungua 6,000, kila mtu anauegemea kama mkwe tajiri, wakati Ike maji yaliingia kwa nyuma, upande wa ghuba ndogo inayotazama bara, ambako hakuna ukuta. Karibu watu 9 kati ya 10 wanaokufa moja kwa moja na vimbunga nchini humu wanauawa na maji. Sasa kwa nini bado mnatuhesabia upepo? Mwambie yule mzee "maji yatafika kwenye kitasa cha mlango wako wa chini", mwonyeshe kwa mkono. Hiyo ataielewa, kategori amezizoea kama timu za mpira.

Na paka zake usizicheke. Tangu 2006 kuna sheria ya taifa kwamba mipango ya kuokoa watu ihesabu na wanyama wao, ilikuja baada ya Katrina, watu walikataa mashua kwa sababu mbwa haruhusiwi kupanda. Sheria ipo lakini yeye hajui kama basi lenu linapokea paka, mi pia sijui, na nimeshatafuta.

Wengine nawapitia haraka. Wapo wasio na makaratasi, wakati wa Harvey Border Patrol, yaani askari wa mpakani wanaokamata wahamiaji, walisema vizuizi vyao vya barabarani vitaendelea mpaka barabara yenyewe ifungwe, sasa mtu kama huyo unamwambia aendeshe kuelekea kwenye kizuizi kwa hiari yake? Wapo wanaotunza mgonjwa asiyebebeka. Wapo wanaoogopa wezi, na wapo ambao mabosi wao wamewaambia duka halifungwi. Hawa wote ukiwauliza watakwambia tu "sitoki", hawatakupa sababu, maana sababu zenyewe ni za aibu au za hatari.

Sasa bibi.

Bibi ametokea Fizi, kule Kongo. Alikimbia vita akavuka ziwa mpaka Kigoma, akakaa kambi ya Nyarugusu miaka kumi na nane, akaletwa Texas, mwanae akapata kazi huku kisiwani. Julai 2024 Beryl inakuja, kategori 1, amri ya lazima kwa mtaa wetu haikutoka, lakini mi nilikuwa na wasiwasi nikamwambia bibi twende shelta ya huko bara, walau usiku mmoja. Akanitazama. Akasema, "Nilikimbia vita mara mbili mwanangu, sasa nikimbie na mupepo?" Nikadhani ni utani. Nikamwelezea shelta ilivyo, kuna vitanda vya kukunja, kuna chakula bure, unaonyesha kitambulisho mlangoni wanakuandikisha wanakupa bangili ya karatasi. Nikaona mkono wake unashika kifundo cha mkono mwingine, pale ambapo bangili ingekaa, anakisugua taratibu. Akasema mstari anaujua. Sahani anaijua. Kulala na watu mia mbili taa haizimwi anakujua. Alipoambiwa mara ya kwanza ni siku tatu tu ilikuwa miaka kumi na nane.

Mi sikuwa na jibu mheshimiwa, wewe ungekuwa nalo?

Tukabaki. Usiku ule upepo ulipiga, mbao za dirishani zikawa zinanguruma, mzee wa ghorofani akashuka na paka zake kwenye kikapu cha nguo tukakaa wote korido ya bibi isiyo na madirisha. Maji hayakutufikia. Kilichotufikia ni umeme, wateja zaidi ya milioni 2 wa eneo la Houston walikatika, sisi siku sita, joto la Julai unalijua. Bibi ana insulini. Nikawa nazunguka na kibegi cha barafu natafuta mwenye jenereta, siku ya tatu barafu imeisha madukani, siku ya nne bibi anaongea vitu ambavyo havieleweki nikampeleka kwenye gari nikawasha kiyoyozi tukakaa humo tukichoma mafuta mpaka jioni. Alipona. Ila nilikosea kubaki, nalisema hapa hadharani kabla hujaniwahi. Kuna watu walikufa kwa joto kwenye zile siku, baada ya kimbunga kupita na tivii kuondoka.

Kwa hiyo ombi langu si refu. Tuambie mapema, mwezi wa tano, watu bado wametulia, basi linatokea wapi linaenda wapi na kama paka anapanda. Waandikie waajiri barua kwamba amri yako ikitoka zamu ya mtu haiguswi. Meseji ije na Kiswahili, na kama haiwezekani basi mtafute mtu wa kupita mlango kwa mlango, Bangladesh wana watu wa kujitolea zaidi ya 70,000 wanaopita vijijini na vipaza sauti, nusu yao wanawake, ni watu wa palepale wanaojulikana, na nchi ile ilipoteza watu laki tatu au zaidi kwa usiku mmoja mwaka 1970, siku hizi vimbunga vikubwa vinakuja na waliokufa wanahesabika kwa makumi. Sijakwambia tuige kila kitu. Nasema mtu anaondoka akiombwa na anayemjua, simu ikilia peke yake anaizima.

Nimemwandikisha bibi kwa simu namba 2-1-1, kwenye ile orodha ya jimbo ya wanaohitaji msaada wa kuondoka. Sijui kama na wewe umeiona. Nimemuuliza pia mwenyewe, taratibu, wiki iliyopita tukichambua mboga, kitu gani kitamfanya apande basi. Alifikiri muda mrefu. Akasema kwanza mtu wa kumwongelesha kwa lugha yake, pili aje mchana, bibi hapandi gari la serikali usiku, tatu kitanda chake kiwe karibu na mlango na mlango wenyewe usiwe na mtu wa kuulinda, nne asivalishwe kitu mkononi.

Yuko chini, mlango wa kijani. Msimu unaanza tarehe 1 Juni.