Mdogo wangu, pokea simu

Mdogo wangu,

Tangu tuanue matanga ya baba hupokei simu zangu. Naandika hapa kwa sababu najua shemeji ataiona, na atakusomea hata ukigeukia ukutani.

Ulisema mbele ya wajomba kwamba shamba langu la Hombolo limekula figo zako. Nilinyamaza kwa kuwa niliiona tena ile Novemba. Ulitoka kwenye mistari ya chini na bomba la kupulizia dawa mgongoni, fulana imeganda chumvi nyeupe mabegani, salfa imekukaukia kwenye nyusi. Ukakaa chini ya mbuyu, ukasema kiuno kinakuuma na mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Kidumu cha maji kilikuwa kitupu tangu saa nne, na sasa ilikuwa saa saba. Nikakupa vidonge viwili vya diklofenaki, vile vya kutuliza maumivu. "Malizia kipande chako," nikasema, "dawa ikishachanganywa hailazwi."

Ukasimama, ukarudi juani. Hukubisha hata neno moja. Kwa nini hukubisha? Wewe uliyekuwa ukibishana na baba mpaka kuku wanalala!

Mama anasema umerogwa. Usimsikilize, na usimwambie nimesema hivyo. Nimesoma usiku mwingi. Mwaka 2002 madaktari wa El Salvador waliandika juu ya wagonjwa wa figo wasio na kisukari wala presha, wengi wao wanaume wa mashambani. Nikaragua ni wakata miwa, tena vijana. Sri Lanka ni wakulima wa mpunga. Wataalamu wanabishana bado juu ya viuatilifu na madini yaliyomo kwenye maji ya visima, lakini jua kali na kazi nzito bila maji ya kutosha vinatajwa kila mahali. Mwili ukikaukiwa, damu inayofika kwenye figo hupungua, na diklofenaki huibana zaidi mishipa inayoipeleka. Nilikupa vidonge vile saa mbaya kuliko zote.

Sasa na wewe sema kweli. Nani alikuwa akinunua diklofenaki dukani kila mgongo ukiuma, hata kabla hujaanza kazi kwangu? Nani alikuja shambani bila hata kikombe cha uji? Mimi nimebeba bomba hilohilo miaka mingi kuliko wewe, na hakuna aliyewahi kuniwekea kivuli. Malipo yako sikuyalaza hata siku moja. Siku hizi vibarua wangu wanaanza alfajiri, saa tano wanatoka juani, na madumu yanajazwa mbele ya macho yangu. Najua, ningeanza na wewe.

Jumanne nilikuja. Nilisimama mlangoni nikakuona umenyoosha mkono wa kushoto, ule ulioungwa mshipa, damu yako ikizunguka kwenye mashine ya kuisafisha. Saa nne nzima, mara tatu kwa wiki. Ulikuwa umefumba macho. Sikuingia.

Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapohapo Dodoma, wanapandikiza figo tangu 2018, na mtoaji ni ndugu. Wiki iliyopita nilikwenda kupima damu. Kundi letu ni moja. Vipimo vinavyofuata wanataka tufike wote wawili.