Mheshimiwa Waziri, usiruhusu tope hili likauke

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya madini na utafiti,

Nakuandikia kuhusu tope. Nasema lile lililochorongwa chini ya bahari na kwenye miamba ya pwani, likakatwa vipande, likapangwa kwenye masanduku na kusahaulika ghalani. Kila panapotafutwa pa kubana matumizi, ghala la miamba choronge huwa karibu na mkasi, na sishangai. Anayefungua sanduku haoni dhahabu wala mfupa wa dinosaria; anaona udongo wa kijivu.

Ninachokiona mimi kinahitaji hadubini. Nachukua kipande kama kidole gumba, nakiloweka, nakiosha kwenye chekeche yenye matundu ya mikroni 63 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) hadi maji yatoke maangavu. Kinachosalia nakikausha na kukinyunyiza kwenye kisahani cheusi. Hapo yanajitokeza maganda ya foraminifera, viumbe vya seli moja: mengine kama mapovu yaliyoshikana, mengine yamejisokota kama konokono, yote madogo kama punje za mchanga. Nalowesha ncha ya brashi na kuokota moja moja. Kuna aina ya maji ya baridi kali ambayo ganda lake hujisokota kuelekea kushoto, na jamaa yake wa maji yenye ujoto kidogo hujisokota kulia. Ukihesabu tu wa kushoto na wa kulia, umeshaanza kujua bahari ile ilikuwaje.

Mengine yamo ndani ya chokaa ya ganda. Kuna oksijeni nyepesi na nzito. Maji yenye ile nyepesi huvukizwa kwa urahisi zaidi, na barafu inaporundikana nchi kavu huyashikilia huko. Bahari hubaki na kiasi kikubwa zaidi cha ile nzito, na ganda hujengwa kwa maji hayo hayo. Baridi ya maji nayo huongeza ile nzito kwenye ganda. Ndiyo maana tunapima pia magnesiamu, ambayo huongezeka kwenye ganda maji yanapopata joto, ili tusichanganye kazi ya barafu na kazi ya baridi.

Najua swali litakalofuata, maana nimeulizwa mara nyingi: tope hili si lilishachunguzwa na ripoti ikaandikwa? Lilichunguzwa, kwa maswali ya wakati ule. Mwaka 1976, James Hays, John Imbrie na Nicholas Shackleton walionyesha kwamba zama za barafu zilikwenda na mabadiliko ya mzingo, yaani njia ya dunia kulizunguka jua, na ya mwinamo wa dunia, kwa mizunguko ya takriban miaka 100,000, 42,000 na 23,000. Hawakutuma meli mpya kwa kazi hiyo. Katika mamia ya sampuli zilizokuwa zimekwisha kutolewa baharini walichagua mbili, RC11-120 na E49-18, za kusini mwa Bahari ya Hindi, zenye kumbukumbu ya miaka 450,000 hivi. Milutin Milankovitch, aliyepiga hesabu za mzingo huo kwa mkono, alikuwa amefariki mwaka 1958 bila kuuona ushahidi huo. Kama mtunza ghala angeagizwa kupisha nafasi, hata sisi tungeusubiri.

Lakini kulitunza tope ni zaidi ya kutolitupa. Kwa muda mrefu maganda ya kale kutoka vilindini yalituambia kwamba bahari za tropiki zilikuwa na ubaridi wa kushangaza katika enzi ambazo dunia nzima ilikuwa na joto. Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake walitoa vipimo vya maganda kutoka, miongoni mwa sehemu nyingine, udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi, kusini mwa Tanzania. Mfinyanzi haupitishi maji kirahisi, na maganda yake yalibaki maangavu kama kioo. Yakatoa jibu tofauti: bahari ilikuwa na joto. Yale ya vilindini yalikuwa yamejiunda upya kwenye sakafu ya bahari yenye baridi, yakabeba ubaridi usio wao. Kosa halikuwa la mashine ya kupimia, lilikuwa la hali ya ganda.

Sasa nikueleze nilichokikuta kwenye ghala moja, ambalo sitalitaja. Paa la bati, joto la mchana kutwa, vibandiko vimebanduka. Sampuli zilitokana na uchorongaji wa kutafuta mafuta, kazi ambayo yenyewe hutegemea visukuku hivi kujua umri wa tabaka. Udongo wa aina hii mara nyingi una pairaiti, madini ya chuma na salfa. Ikipata hewa na unyevu, hutengeneza asidi ya salfuriki, na asidi hula chokaa. Nilipoosha kipande changu, kwenye kisahani zilibaki sindano za jasi, madini yanayozaliwa asidi hiyo inapokula chokaa, zikimetameta. Hapakuwa na ganda hata moja, ilhali maelezo ya zamani ya sampuli ile ile yalisema yalikuwa tele. Ardhi iliyatunza kwa mamilioni ya miaka. Bati likayamaliza ndani ya umri wa mtu mmoja.

Ninachoomba si maabara ya kifahari. Ni chumba chenye ubaridi wa nyuzi 4 za Selsiasi hivi, kama yafanyavyo maghala makubwa ya mashapo ya bahari duniani, na plastiki ya kuziba hewa. Ni daftari linalosema kila sanduku lilitoka wapi na kina gani, maana ganda lisilojulikana kina chake ni pambo tu. Na ni agizo lako la maandishi kwamba hakuna sampuli itakayotupwa kabla mtaalamu wa visukuku hajaitazama. Hili la mwisho halina gharama, kwa hiyo lingeanza.

Siku ukitembelea ghala, usiishie ofisini. Omba ufunguliwe sanduku moja, uguse. Tope likiwa bado na unyevu, lipelekwe kwenye baridi wiki hiyo hiyo. Likivunjika mkononi na kukuachia unga wa manjano, hilo limekwisha, fungua linalofuata.

Wako,
Mtafiti wa visukuku vya baharini