Mwezi ule juu ya Kibo haukupigwa Moshi

Ndugu Mhariri,

Jumapili iliyopita nilinunua gazeti lako stendi, hapa Moshi, nikafungua kurasa za katikati kabla hata sijapewa chenji. Nikakuta mlima wetu Kilimanjaro wote, kuanzia Shira hadi Mawenzi, theluji ya Kibo, kilele kikuu, ikiwaka rangi ya chungwa upande wa kushoto, na juu ya kilele mwezi mpevu mkubwa kama sinia la pilau. Maelezo ya picha yakasema hiyo ni mbalamwezi kama inavyoonekana kutoka Moshi mjini.

Huu ni mwaka wangu wa 26 hapa mjini, na mlango wa studio yangu unatazama mlima. Mwezi pale sijauona. Wala sitauona, hata nikijaliwa kuishi miaka mia.

Kutoka mjini, Kibo iko kaskazini. Sisi tuko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo mwezi wetu huchomoza mashariki, hupita juu ya vichwa vyetu, hushuka magharibi. Hata ukielemea kaskazini kadiri unavyoweza, ukifika usawa wa mlima utakuwa umeshapanda nyuzi 58 hivi. Kilele chenyewe, kwa mtu aliyesimama mjini, hakifiki nyuzi 10. Yaani kuuangalia mwezi wakati huo ni mpaka uinue shingo kofia ianguke, na mlima uko kule chini, hauna habari.

Halafu ile rangi ya chungwa. Ni jua la jioni, liko magharibi, kushoto kwa mpiga picha. Mwezi mpevu na jua hutazamana: mmoja akizama, mwenzake anachomoza. Basi mwezi mpevu wa jioni ile ulipaswa kuwa kulia, nje kabisa ya picha. Ungekuwa kweli pale juu ya Kibo, robo ya anga kutoka lilipo jua, tungeuona nusu, na nusu yenye mwanga ingelielekea jua.

Nikachukua rula. Mwezi wenu una milimita 31. Katika picha pana kiasi kile, mwezi wa kweli usingezidi milimita 3, mdogo kuliko punje ya mtama. Asiyeamini anyooshe mkono usiku wa mwezi kumi na nne: ukucha wa kidole cha mwisho unauziba wote na nafasi inabaki. Kwa umbali wa kilomita 30 hivi kutoka hapa hadi kileleni, mwezi unaweza kufunika kipande cha mlima chenye upana wa mita 270. Kreta ya Kibo ina zaidi ya kilomita 2. Wenu umeifunika yote na ukabakiza.

Usidhani nakuandikia kama mtu msafi. Nimepandikiza miezi mingi mimi, ya harusi, ya kalenda, na mmoja wa bango la mgombea udiwani ambaye hakushinda. Ulionifunza ni wa Pangani, nilikozaliwa.

Mwenye nyumba ya wageni kule aliniagiza kalenda. Nilikuwa na picha nzuri ya ufukweni jioni: maji yamekupwa mpaka mchanga wote uko wazi, ngalawa mbili zimelala ubavu, kwa mbali mama mmoja anarudi na ndoo. Mteja akasema nzuri, lakini mbona anga tupu? Nikaweka mwezi mpevu juu ya bahari. Upande wa mashariki, jua likitua, nilijua hapo siwezi kukosea. Nikalipwa, na nakala moja nikampelekea marehemu baba, ambaye alikuwa mvuvi tangu hajaota ndevu.

Akaitundika ukutani, akarudi nyuma hatua mbili. Akaniuliza, "Mwanangu, siku hii bahari ilikuwa inaumwa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaweka kidole kwenye mchanga wa picha. Mwezi mpevu ni bamvua, maji hujaa na kupwa kuliko siku zote, akasema, na bamvua la kwetu maji hujaa kwenye saa kumi alasiri, yakakauka kwenye saa nne usiku. Jua likitua, maji yanapaswa kuwa nusu, ndiyo kwanza yanatoka. Hapa yamekwisha kukauka. Kisha akatelezesha kidole hadi kwenye madimbwi yaliyobaki kati ya ngalawa. "Na maji haya hayajauona huo mwezi wako." Kweli, yalikuwa na rangi ya anga tu. Mwezi juu ya bahari huacha njia ya mwanga inayomjia mtazamaji moja kwa moja, na mimi sikuweka hata tone. Siku nyingine zote alizokuwa hai, mgeni akiingia sebuleni alioneshwa kalenda ile.

Tangu hapo nikiweka mwezi naweka kwa adabu. Kwa vijana wa studio wanaosoma barua hii, kazi yenyewe haina uchawi. Mwezi uliopigwa kwenye anga jeusi unauweka juu ya mandhari kama leya ya pili, kwa ile modi inayoyeyusha weusi na kubakiza mwanga. Hapo sehemu za mwezi zenye kivuli zinashika rangi ya anga zenyewe, kama inavyotokea kweli mwezi unapoonekana mchana. Wengi wanaukata kwa mkasi wa kompyuta wakabandika, ndiyo maana miezi yao ina ukingo mkali kama kifuniko cha soda. Mwezi ukiwa karibu na upeo wa macho usiuache mweupe. Vumbi na mvuke wa chini huufanya mwekundu-mwekundu, na sura yake huwa imefifia kidogo. Picha yako ikiwa na chengachenga, mwezi nao uwe nazo. Wingu lipite mbele ya mwezi, kamwe si nyuma yake. Na nyota zikae mbali na tumbo la hilali, maana pale pana mwili wa mwezi hata kama hatuuoni, na nyota haing'ai kupitia jiwe.

Hilali yenyewe iangalie imesimamaje. Ya kwetu hulala kama dau, pembe juu. Zile zilizojaa kwenye mtandao, zimesimama wima kama mundu uliotundikwa ukutani, nyingi zimepigwa Ulaya. Sikukuu ya Idi gazeti lako liliweka moja ya namna hiyo juu ya mnara wa msikiti. Ningenyamaza kama ingekuwa mchoro wa salamu. Mliiita picha.

Na neno hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Kuongeza mwezi kwenye kadi ya harusi ni pambo, bibi harusi anajua, bwana harusi anajua, na mimi nimeandika kwenye risiti. Gazetini, chini ya picha, mkitaja mahali na wakati, mnatoa ushahidi. Mmarekani Ansel Adams alipiga picha ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, na mwenyewe alikuwa akiitajia miaka tofauti kwa sababu hakuandika tarehe. Wataalamu wa anga wakaukagua mwezi ule, mahali ulipo na sehemu yake iliyong'aa, wakaifikia tarehe 1 Novemba 1941, na dakika yake. Kumbe mwezi wa kweli una muhuri wa tarehe. Wenu tukiukagua hivyo tutaambiwa haukuwahi kuwapo.

Najua mtajibu kwamba picha ilikuja na mtalii, au kijana wa mitandao, nanyi mkaiamini. Sawa. Lakini mezani kwenu hakuna hata mtu mmoja aliyekulia Moshi? Dereva wa gari la kusambaza magazeti angewaambia. Mteja wangu mmoja, mama anayeuza ndizi pale sokoni, nilimwonesha ukurasa ule bila kusema neno. Aliutazama kidogo tu, akaniuliza huo mlima wa nchi gani.

Ninachoomba ni kidogo: maneno mawili chini ya picha, "mwezi umeongezwa". Mnayo nafasi, matangazo ya viwanja mnayapatia kurasa nzima.

Na mkitaka mwezi wa kweli kando ya Kibo, upo, ila lazima mtu atoke mjini. Kwa Rombo, mashariki ya mlima, mwezi mpevu huzama upande wa mlima alfajiri. Kwa Sanya Juu, wilaya ya Siha, Kibo iko mashariki na imeelemea kaskazini kidogo, na mwezi mpevu wa Desemba au Januari huchomoza upande huohuo jioni. Nimekwenda mara tatu. Mara mbili mawingu yalinifungia mlima, na mara ya tatu betri ilikufa kwa baridi mwezi ukiwa ndiyo unachungulia.

Desemba hii nakwenda tena, na betri nitazifunga kiunoni. Nikiipata, nitaileta ofisini kwenu bure. Mwezi utakuwa mdogo sana. Tafadhali mwambieni kijana wenu wa kompyuta asiukuze.

Mwenye studio,
Moshi.