Bajeti ya nyongeza isipitishwe mbiombio

Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa biashara hapa Busia, Uganda, na kila mwaka nafuatilia bajeti ya bunge letu redioni. Sheria ya fedha za umma ya 2015 inataka bunge liwe limepitisha bajeti ifikapo 31 Mei, mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, hapo sina neno. Kinachoniuma ni hii bajeti ya nyongeza, yaani pesa serikali inayoongeza katikati ya mwaka baada ya bajeti kupita, maana sheria inaruhusu serikali itumie mpaka asilimia 3 ya bajeti kwanza halafu ndo wabunge waombwe kuidhinisha, sasa pesa ikishaliwa mbunge atakataa nini jamani? Waheshimiwa, ikiletwa msipitishe tu mkaenda zenu, ibaneni kila wizara iseme kwa nini hilo hitaji halikuonekana mwezi wa tano. Huku kwetu juzi dada yangu ameenda kujifungua akaambiwa anunue glavu na pamba mwenyewe duka la ng'ambo ya barabara, hizo nyongeza zinaishia wapi? Na ripoti za kamati ya bajeti tusomewe kwa Kiswahili pia, katiba imekifanya lugha rasmi ya pili tangu 2005.

Mama wa vitenge, Busia