Barua kwa binti zangu mnaokaribia kujifungua

Wanangu,

Nimestaafu ukunga, lakini hili bado linanikosesha raha. Kliniki mnaulizwa mpango wa kujifungua: nauli, kanga, pamba, mtu wa kuchangia damu. Yote ya lazima. Ila mpango huo unakomea mlangoni mwa leba, na ya ndani hakuna anayeyaandika.

Yaandikeni. Ukurasa mmoja tu, uwekwe pamoja na kadi, maana mkunga wa zamu ya usiku hajawahi kukuona na ana wazazi wengine vitandani.

Taja utakayekuwa naye, awe mama, dada au mume, lakini uliza mapema. Wodi nyingine hazina mapazia na wanaume hawaingii. Sema ungependa kutembea, kunywa uji, kusukuma ukiwa umechuchumaa au umelala ubavu. Sema usiongezewe njia, yaani usikatwe msamba, pasipo sababu, na ikibidi uelezwe kwanza. Huko si kudeka. Yamo katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018. Mwongozo huo unahesabu uchungu uliokolea kuanzia mlango wa kizazi unapofunguka sentimita 5, na unasema mlango huo kufunguka chini ya sentimita 1 kwa saa, peke yake, si sababu ya kutundikiwa dripu ya kuongeza uchungu, mradi mama na mtoto wawe salama. Hapa ndipo wengi huharakishwa. Kwa hiyo andika: "Naomba nielezwe sababu kabla ya dripu."

Mtoto akitoka na kupumua vizuri, alazwe kifuani kwako, kitovu kisibanwe kabla ya dakika moja kupita.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kujifungua kwa njia ya kawaida hakumaanishi kukataa kila kitu. Sindano ya oksitosini inayotolewa mara mtoto anapozaliwa huzuia damu kuvuja kupita kiasi. Ikubalini, kila mmoja wenu. Vilevile mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe mara kwa mara, hata kama umechoka kuguswa.

Chini kabisa weka sehemu ya upasuaji, hata kama hutaki kuufikiria: nani atakaa na mtoto, na aletwe lini kunyonya. Karatasi hiyo ipelekeni kliniki mwezi wa nane wa ujauzito, mjadiliane na mkunga, na nakala apewe msindikizaji wako aisome kabla. Uchungu ukikolea, yeye ndiye atakayekusemea.