Boti ya zamani ipunguzwe uzito kabla ya kuongezewa injini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie kosa linalorudiwa na wamiliki wengi wa boti za zamani za faibaglasi, nalo ni kukimbilia injini kubwa zaidi mara boti inapoanza kuwa nzito majini. Injini ndiyo inayoonekana na kusifiwa, lakini mara nyingi iliyochoka si injini bali ni boti yenyewe.

Boti ya mwendo kasi hukimbia kwa kupanda juu ya maji, na kila kilo iliyobebwa huizuia kupanda. Kwa hesabu ya kukadiria wanayoitumia wasanifu, kasi ya boti iliyokwisha kupanda hufuata kipeuo cha pili cha nguvu ya injini ikigawanywa kwa uzito. Kwa hiyo anayeongeza nguvu maradufu hapati mwendo maradufu, bali hupata nyongeza ya takriban asilimia 40, tena kabla ya kutoa kile kitakachomezwa na uzito wa injini mpya na mafuta yake. Hesabu hiyohiyo humnufaisha anayepunguza uzito. Katika boti nyingi za zamani, povu lililojazwa chini ya sakafu ili boti isizame limefyonza maji kwa miaka, na kila lita ya maji hayo ni karibu kilo moja ambayo haitoki kwa kufungua kizibo cha ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti yanapokusanyika maji. Boti ipimwe kwenye mizani ikiwa juu ya trela, uzito wa trela utolewe, kisha jibu lilinganishwe na uzito uliotajwa na mtengenezaji. Tofauti ikiwa kubwa, sakafu ifunguliwe.

Ubao wa nyuma unaobeba injini nao ukaguliwe, kwa sababu ndani ya faibaglasi mara nyingi mna plaiwudi inayooza kuanzia kwenye matundu ya bolti. Ukigongwa kwa nyundo ndogo, palipo pazima hutoa mlio mkavu, na palipooza hutoa mlio mzito uliofifia. Kufunga injini nzito zaidi kwenye ubao uliooza ni kuhatarisha maisha.

Lipo pia umbo la tumbo, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa zaidi. Rula ndefu iliyonyooka ikiwekwa chini ya boti kuelekea nyuma itaonyesha kama pamebonyea ndani, jambo linalotokea boti ikikaa miaka mingi juu ya trela isiyoishika vizuri. Ubonyeo huo huinamisha omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, na kula mwendo. Uvimbe mahali hapo hapo huifanya boti irukeruke omo juu na chini. Mwaka 1960, boti iitwayo Moppie, iliyosanifiwa na msanifu wa boti Mmarekani Ray Hunt kwa tumbo lenye pembe kali ya umbo la V hadi nyuma kabisa, iliposhinda mbio za Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka, ilidhihirika kwamba umbo linaweza kuamua mambo ambayo nguvu peke yake haiwezi.

Baada ya hapo ndipo fundi ashughulikie rafadha, yaani pangaboi linaloisukuma boti, na kimo cha injini. Rafadha ifaayo ni ile inayoiruhusu injini, ikifunguliwa hadi mwisho, kufikia mizunguko iliyowekwa na mtengenezaji; kupunguza inchi moja ya hatua ya rafadha, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kwa kawaida huongeza mizunguko kati ya 150 na 200 kwa dakika. Injini ikiinuliwa kidogo kidogo, ukinzani wa maji hupungua, lakini akizidisha, rafadha itavuta hewa kwenye kona na tundu la maji ya kupoza litatoka nje ya maji. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha apime akiwa na mafuta na mzigo uleule, la sivyo hatajua kilichosaidia.

Hatimaye, kebo ya usukani iliyolegea ibadilishwe kabla ya mwendo kuongezwa, kwa kuwa boti ikianza kuyumba ubavu kwa ubavu katika kasi kubwa, usukani uliolegea hauwezi kuirudisha. Nawasihi mafundi wasome kibao cha mtengenezaji kinachotaja nguvu ya juu inayoruhusiwa, na wakatae kufunga injini inayoizidi, hata mteja akisisitiza kiasi gani.

Wako mwaminifu,
Msomaji na mmiliki wa boti ya zamani